Komiseri Asiyesema na Jaji Asiyenyamaza

Kwa miezi saba mama mkwe wangu na mimi tulibishana juu ya wapelelezi wa televisheni, na katika miezi hiyo yote hatukutazamana usoni hata mara moja. Mimi nilikaa sebuleni, yeye alikaa kwenye kiti cha mbao ndani ya korido, na katikati yetu ilining'inia rido ya maua, pazia ambalo mke wangu alilishona mwenyewe. Sauti yake ilitoka nyuma ya yale maua.

«Uyu wako anakulaka mushahara ya bure. Anaikala mu motokari, anaangaria, anaangaria. Atasema siku gani?»

«Mama, eko anatumika. Kuangaria njo kazi yake.»

«Basi hata kuku yangu ni komiseri.»

Nieleze hiyo rido, maana mtu wa mbali anaweza kudhani tulikuwa na ugomvi. Mke wangu ni mtoto wa watu wa kaskazini ya Katanga, Wakatoliki wa kizazi cha reli. Baba yake alikuwa fundi wa injini za treni mpaka alipostaafu, na sasa ni marehemu. Kwao mwanaume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaangaliani. Wanaita buko, na mkwe mwenyewe anaitwa muko, na si chuki, ni heshima. Mkikutana njiani, mmoja anageukia ukuta mpaka mwenzake apite. Iko pia namna ya kuiondoa: mkwe analeta mbuzi na kitambaa, wakubwa wa ukoo wanakaa, maneno yanasemwa, mnakula sahani moja, basi, mmekuwa watu wa kawaida. Mimi nilizaliwa upande wa Kivu, katika familia ya wafanyabiashara wa malori, na kwetu mambo haya hayana ukali huo. Nilipooa niliikubali buko ili nionekane mkwe mzuri. Baadaye niliiacha iendelee kwa sababu ilinifaa, maana mtu usiyelazimika kumtazama hakusumbui sana. Ulikuwa uvivu tu, nikaupaka rangi ya adabu.

Alikuja kwetu Kampemba, hapa mjini, mvua za kwanza zilipoanza, kwa ajili ya presha yake ya damu, akae mwezi mmoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema watu wa pwani. Sisi hatukumpa jembe, tulimpa televisheni. Mke wangu anafundisha shule ya msingi zamu ya mchana. Mimi ni wakala wa forodha: siku tatu za wiki niko mpakani Kasumbalesa katikati ya foleni ya malori, nikisoma makaratasi ya watu wanaosema uongo, na siku nyingine niko nyumbani nikisubiri simu. Ukifanya kazi hiyo miaka kumi na tano, huwezi kusoma hata mwaliko wa harusi bila kutafuta kosa. Kwa hiyo kila saa tisa, stesheni moja ilipoanza kurudia filamu zake za upelelezi zilizotiwa sauti ya Kifaransa, tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na yule mama nyuma ya rido. Yeye alisomeshwa na masista, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Komiseri wangu alikuwa mwanaume mwembamba wa mji fulani wa theluji. Nusu ya filamu hafungui mdomo. Anaangalia viatu, anaangalia kucha, anaangalia kitasa cha mlango, na mwisho anaweka kitu kimoja mezani, kifungo au tiketi, na muuaji anaanza kulia. Nilimpenda kwa sababu hakumwamini mtu yeyote, hata mkubwa wake wa kazi. Nilijiona ni mimi kabisa, isipokuwa theluji.

Wa kwake alikuwa jaji wa upelelezi, mama mnene wa filamu nyingine, asiyenyamaza. Anamkalisha mshukiwa, anamwagizia chakula, kisha anamsimulia: uliingia kwa mlango huu, ukaona sahani mbili, ukajua mgeni amekuja, ukachukua kisu kwa mkono wa kushoto. Yote anayasema yeye. Mimi nilichoka naye ndani ya dakika kumi.

«Debe tupu,» nilimwambia mama mkwe siku moja.

«Debe tupu iko na faida, muko. Unayua penye iko.»

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mzee tu.

Kuna mpelelezi wa tatu, na huyo alikuwa wa jirani yetu. Jirani ni mwanamke mcha Mungu wa kanisa la maombi, mwenye sauti ya kupita ukuta. Yeye hakutaka komiseri wala jaji. Alipenda zile filamu za Afrika Magharibi ambamo mtumishi wa Mungu anafunga macho, anaota ndoto, anaamka na kunyoosha kidole. Mimi nilizidharau waziwazi. Nilimwambia kwamba katika filamu zake namjua mkosaji kabla ya tangazo la kwanza la sabuni: ni mwanamke mzee kuliko wote ndani ya nyumba. Hajawahi kuwa mwingine. Alinijibu kwamba siku moja nitaacha kucheka.

Karibu mwezi wa nne wa kukaa kwake nilianza kuona mambo.

Kwanza ukuta wa korido. Tuliupaka rangi nyeupe mwaka uliopita, na sasa ulikuwa na mstari wa mafuta, kimo cha kiuno cha mtu, kutoka mlango wa chumba chake mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka chooni. Niliufuta kwa sabuni. Baada ya siku tatu ulirudi. Pili, hesabu. Nikiwa sebuleni nilimsikia akitembea na kunong'ona, moja, mbili, tatu, mpaka saba, kisha kimya. Siku nyingine alifika kumi na mbili. Tatu, chai aliyonipikia, iliyotiwa chumvi badala ya sukari, asubuhi moja mke wangu alipokuwa kwenye misa. Nne, hakuwahi kunisalimu kwanza. Nikiingia alinyamaza kabisa, mpaka nikohoe au niseme neno, ndipo anaitikia kwa furaha kama mtu aliyekuwa amejificha akafumwa.

Na kazini mambo yalikuwa mabaya. Malori mawili ya mteja wangu mkubwa yalilala Kasumbalesa wiki mbili kwa ajili ya karatasi moja ambayo nina hakika niliiweka kwenye faili. Usingizi ulinikimbia. Kichwa kiliniuma upande mmoja.

Komiseri wangu angefanya nini? Angeangalia, angenyamaza. Nami niliangalia, nikanyamaza. Nilihesabu alama za ukutani. Niliacha kiatu kimoja katikati ya korido makusudi, nikakaa sebuleni na kusikiliza. Alikuja na hesabu yake, akakigonga, akasimama muda mrefu. Kisha nikasikia kiatu kinasukumwa polepole mpaka ukutani. Hakupiga kelele, hakuuliza. Nikajiambia: mtu asiye na jambo angeuliza.

Kosa langu lilikuwa kumwambia jirani. Tulikuwa uani, yeye upande wake wa ukuta, mimi wangu. Nilianza kama mzaha, nikamwambia habari ya mafuta. Yeye hakucheka.

«Mafuta ku kikuta? Na anahesabia? Papa, weye ni mutu ya masomo, lakini ile si masomo. Eko anafunga nyumba. Kila kyumba anaifunga.»

«Si ni muzee tu.»

«Njo vile banaanzaka. Malori yako iko wapi?»

Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza, na wazo hilo likaingia likakaa kama mtu aliyelipa kodi. Sikusema neno ulozi, wala kwa mke wangu sikulisema. Hapa kwetu neno hilo likitoka mdomoni halirudi. Nimeona wanawake wazee wakilala kwenye veranda za makanisa kwa sababu mtoto wao mmoja alilitamka mara moja. Mimi nilijiona mwerevu kuliko wao. Nilimwambia mke wangu kwamba Mama amechoka na mjini, presha imeshuka, afadhali arudi kwake kaskazini kabla mvua nyingine hazijaanza.

«Amekuambia yeye?» mke wangu aliuliza.

«Ninamsikia anavyopumua.»

Mke wangu alikwenda kumuuliza. Alirudi amekunja uso.

«Amekubali. Amesema sawa, mara moja tu, sawa. Wewe uliona wapi mzee anaambiwa aondoke na anasema sawa?»

Hilo nalo nililiweka kwenye hesabu yangu. Mtu asiye na hatia angelalamika. Nikakata tiketi ya treni, nafasi moja, Jumamosi. Treni ya kaskazini ni safari ya siku nyingi, na hakuna anayejua ni ngapi mpaka afike. Alikuja peke yake, nilisema, atarudi peke yake.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo, umeme ulikatika asubuhi na kurudi saa nane kwa hasira. Friji ya jirani iliungua, tukasikia analia. Televisheni yetu iliwaka, sauti ikatoka, lakini picha hakuna. Kioo kilibaki cheusi. Niligonga mgongo wa televisheni, nikachomoa waya, nikachomeka tena, na kioo hakikubadilika. Nilikuwa nafikiria ni fundi yupi nimpigie ndipo nikamsikia anakuja koridoni. Saba. Kiti kikalia alipokaa. Saa tisa ilikuwa imefika na muziki wa jaji wake ulikuwa umeanza.

Nilifungua mdomo nimwambie leo hakuna filamu, na sikusema. Siwezi kusingizia busara. Ilikuwa tabia tu ya kungoja wengine waseme kwanza.

Jaji alianza kusema. Alisema kuhusu mfamasia aliyekutwa bustanini. Mama mkwe alicheka mahali pa kuchekea. Alisema «yee, uyu anabeba», yaani ana hatia, aliposhuku mdogo wa marehemu, na alikuwa sahihi kama kawaida. Mimi nilikuwa nakiangalia kioo cheusi. Nilijiona mwenyewe ndani yake, nimekaa, mkono kwenye goti.

«Leo amevaa muzuri, uyu mama,» alisema.

Nilingoja. Kisha nikauliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida:

«Robe yake ni ya rangi gani, Mama?»

Jaji aliendelea kusema.

«Bulu.» Na kwa kuwa sikujibu, «Ao nyekundu?»

Nilizima televisheni.

«Kura imekatika tena?» aliuliza, akimaanisha umeme.

«Hapana, Mama. Ni miye nimezima. Televizio iko bila picha tangu saa nane.»

Nje mtu alikuwa anapita akiuza makala, mkaa wa kupikia, anaita, anaondoka. Nilikuwa na aibu, na chini yake kulikuwa na hofu, maana nilianza kuhesabu nyuma. Ule mkono ukutani, zile hatua saba, chumvi, kiatu, salamu zisizokuja mpaka nikohoe. Nilikuwa na kila kitu mkononi tangu ule mwezi wake wa nne. Na bado, siwezi kudanganya, kipande kimoja cha kichwa changu kiliuliza kama hiyo pia si hila yake.

«Tangu lini?» nilisema.

«Mu treni ya kuya huku nilikuwa naona bantu, kama mu moshi. Sasa naona dirisha, na si kila siku.»

«Juu ya nini haukusema?»

«Nimuambie mutoto wangu? Ataacha masomo yake, atanishika mukono asubui mpaka mangaribi. Nilisema, nitayua nyumba. Saba ya kufika ku kiti, kumi na mbili ya kufika ku jiko. Hakuna mutu atayua.» Alipumua. «Chumvi tu njo ilinishinda.»

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa ukali hata, kwa sababu ukali ungenisaidia. Lakini yeye aliendelea, na sauti yake haikupanda.

«Na ile ya kikuta nilisikia, muko. Dirisha yangu inaangaria pale munasemeaka na jirani.»

Nilishika ncha ya rido, nikaiachia.

«Nilisema, nijibu nini? Niseme siko mulozi, niko kipofu? Basi mutoto wangu atayua. Acha anirudishe tu. Ku nyumba yangu, siku ukinizungusha kama kinu, nitafika ku mulango.»

«Na mu treni, Mama? Siku zile zote?»

«Ningeuliza bantu.»

Niliwaza kile kituo cha reli, jinsi watu wanavyosukumana kupanda na vifurushi vinavyopitishwa madirishani, na mwanamke mzee asiyeona, ambaye hata ndani ya behewa angejifanya anaona, kwa sababu alikuwa amezoea kujifanya. Na mimi ningempungia mkono kutoka jukwaani, kwa adabu, uso umegeuka pembeni. Ningerudi nyumbani nimetulia. Pengine malori yangetoka wiki hiyohiyo, nami ningeamini jirani alikuwa sahihi mpaka kufa kwangu.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba mama yake haoni. Alikaa sakafuni. Alilia, kisha akauliza nimejuaje. Nikasema, televisheni imeharibika, nikamsimulia habari ya nguo ya jaji. Nilisema kweli tupu, na niliikata mahali paliponifaa. Habari ya mafuta sikuigusa. Habari ya jirani sikuigusa.

Siku ya Ijumaa tulimpeleka kwa daktari wa macho, binti mdogo mwenye miwani minene kuliko ya wagonjwa wake. Mimi nilisimama mlangoni nimewapa mgongo, buko bado ni buko, na wagonjwa wengine waliniona mwenda wazimu. Daktari alichukua muda mrefu. Ndipo akasema ni presha ya macho, inayokula polepole bila maumivu. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiwa na mwanga kidogo, na kwa matone ya kila siku pengine mwanga huo utalindwa. Kilichokwisha kuliwa hakirudi.

«Mngemleta miezi mitatu iliyopita,» alisema, «ningekuwa na kitu kikubwa zaidi cha kulinda.»

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nasugua ukuta kwa sabuni.

«Nani nyumbani aliona kwanza?» daktari aliuliza. Alikuwa anaandika, nadhani swali lilikuwa kwenye karatasi yake tu. Nilisikia kiti cha mama mkwe kinageuka upande wangu.

«Ni muko wangu njo aliona,» alisema. «Mutoto wangu hakuyua, miye nilimuficha. Ni yee.»

Daktari aliinuka. Alikuja mpaka mlangoni, akanizunguka ili anione usoni. Alisema wanawake wengi wa umri ule anawapata wakiwa wameshafukuzwa, watoto wao wamewaita walozi kwa sababu wanapapasa kuta na kukosea vikombe. Alisema heri mimi. Akanyoosha mkono.

Nilipokea. Nikasema asante, daktari. Mke wangu alikuja akaegemeza paji la uso kwenye bega langu na kulia tena, mbele ya watu wote wa foleni, na mimi nilisimama vilevile.

Tiketi haikutumika. Mama mkwe bado anaishi nasi, matone mara mbili kwa siku. Wageni wakija, mke wangu huwasimulia jinsi nilivyomwokoa mama yake, na kila mara anaongeza kidogo. Mzee huitikia kutoka chumbani kwake: «Ni kweli. Ni yee.» Hajawahi kunieleza kwa nini alisema vile siku ile. Pengine ni msamaha, pengine ananishikilia mahali ambapo siwezi kuponyoka, na mimi, niliyelipwa maisha yangu yote kuuliza maswali, sijathubutu kumuuliza. Ninawaambia wageni wakaribie chakula kabla hakijapoa.